Karatasi Niliyompa Luhende

Mwanangu Limi,

Baba yako yuko uani anafunga godoro lako kwa kamba ya manila. Akimaliza analitazama, haridhiki, anafungua na kuanza upya. Wewe umekwenda kumuaga shangazi yako, na jinsi ninavyowajua nyinyi wawili hutarudi kabla ya chakula cha jioni. Nimepata saa mbili za kukaa mezani peke yangu, na nimeona nizitumie kuandika yale niliyoshindwa kukuambia uso kwa uso wiki hii nzima.

Ya chandarua, ya kuchemsha maji na ya kupiga simu kila Jumapili tumeshayamaliza. Haya ni mengine. Kesho unakwenda Geita kuwa afisa ustawi wa jamii wa kata, kwenye kata ya wachimbaji, na kila mtu aliyepita hapa kukupongeza amesema umefuata nyayo za mama yako. Bila shaka uliona kwamba kila waliposema hivyo niliinuka nikaenda jikoni. Ulidhani ni machozi ya furaha, ukanifuata ukanikumbatia. Sikuwa na nguvu ya kukusahihisha.

Unajua kwamba nilikuwa mtendaji wa kijiji kule upande wa Bugarama kwa miaka tisa. Unaikumbuka ofisi, chumba kile kimoja cha tofali za kuchoma, meza, benchi la wageni na kabati lisilofunga. Unakumbuka pia kwamba ukiwa kidato cha pili, shule ya bweni, ulirudi likizo ukakuta tumehamia hapa Kahama. Tulikuambia shamba la kule limechoka. Tulikudanganya, Limi. Shamba halikuwa na shida yoyote.

Kulikuwa na mwanamke anaitwa Holo, mama wa watoto watatu, mke wa Luhende. Huyo Luhende unaweza kumkumbuka. Ni yule mrefu, mpole wa kusema, aliyekuwa akivua kofia kila akiingia ofisini. Alikuwa na karasha mbili za kusagia mawe ya dhahabu kule machimboni, na pikipiki nyekundu. Ofisi yangu haikuwa na usafiri. Wakija watu wa chanjo, nikiitwa wilayani, mwanafunzi akizimia shuleni, nilimpigia Luhende na pikipiki ikaja ikiwa na mafuta. Shule ilipokosa choo yeye ndiye aliyeleta mawe na saruji. Basi tulipoagizwa tuunde kamati ya kijiji ya kulinda wanawake na watoto, nikakaa kuandika majina ya wajumbe, na jina lake nikaliandika la tatu. Kalamu haikusita hata kidogo.

Kamati yenyewe haikuwahi kukaa. Kila robo mwaka niliandika muhtasari wa kikao ambacho hakikufanyika. Niliweka ajenda, niliweka yatokanayo, niliweka waliohudhuria na waliotoa udhuru, nikapeleka. Hakuna aliyeniuliza kitu. Nilisifiwa hata kwa mwandiko.

Holo alikuja mara ya kwanza siku ya gulio, asubuhi. Alikuwa amepitia kwa balozi wake wa nyumba kumi, ameshika kijikaratasi chake kilichokunjwa mara nne.

"Mwangaluka, mayu," alinisalimu. Watu wa kule walikuwa wananiita mayu, mama, hata walionizidi umri. Alikaa ukingoni mwa benchi kwa upande mmoja, kama mtu mwenye jipu. Kabla ya kusema lolote aligeuka kutazama mlango.

"Naomba barua ya kwenda polisi."

"Ya nini?"

"Baba watoto ananipiga."

"Amekupiga lini?"

"Mayu, ungeniuliza ni lini hajanipiga." Alisema bila ukali, kama mtu anayesaidia kujaza fomu. "Juzi amesema atanitia kwenye duara. Amesema machimboni watu wanaingia na wengine hawatoki, na hakuna atakayeuliza."

Maduara utayaona ukifika. Ni mashimo ya wachimbaji wadogo, mengine yanashuka mpaka taa ya kichwani inaonekana kama kimulimuli. Nilisikia maneno hayo, Limi. Siwezi kusema sikuyasikia.

Na barua yenyewe haikuhitajika. Mtu aliyepigwa anakwenda polisi kwa miguu yake, anafika kwenye dawati la jinsia na watoto, anasikilizwa, anapewa fomu ya matibabu. Nilikuwa nimekaa semina ya siku tatu Shinyanga nikajaza daftari zima. Lakini watu wa kijijini waliamini kwamba bila barua ya mtendaji huwezi kufika popote, nami niliwaacha waamini hivyo. Ilinipa ukubwa. Kila mwenye shida ilibidi apite mezani kwangu kwanza.

Kuna jambo jingine ambalo naona aibu kuliandika. Nilikuwa mwanamke wa kwanza kukalia kiti kile. Nilipofika, wazee walinung'unika kwamba sasa wake zao watapata wakili wao. Nikaapa moyoni kwamba hawataona hilo kwangu. Nilitaka waseme mama huyu hapendelei, mama huyu ni mgumu. Wanawake walipokuja kwangu na majeraha niliwasikiliza kwa uso ule ambao ningemwonyesha mtu aliyekuja kulalamikia mbuzi wa jirani.

Nilimwambia Holo, "Rudi nyumbani. Nitamwita mumeo, tutazungumza."

"Ukimwita atajua nimekuja."

"Sasa tutazungumzaje bila kumwita?"

Alikunja tena kile kijikaratasi cha balozi, akaondoka nacho.

Luhende alikuja siku niliyompangia, pamoja na wazee wawili, kofia mkononi. Hakubisha. "Nimekosa, mama mtendaji. Ni hasira, na uchovu wa kazi." Wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Nikamgeukia Holo nikamwuliza kama ameridhia. Alitazama sakafu akasema ndiyo. Nikamwambia, "Sema kwa sauti, wazee wasikie." Mimi, mama yako, ndiye niliyesema hivyo. Akasema kwa sauti.

Niliandika karatasi nzuri. Niliandika kwamba wanandoa wamepatana mbele ya ofisi ya kijiji kwa hiari yao na hakuna upande wenye madai. Luhende akasaini, Holo akaweka dole gumba la mkono wa kulia, mimi nikagonga muhuri. Luhende akaomba nakala kwa adabu. Nikampa. Holo hakuomba, nami sikufikiri kumtengenezea ya kwake.

Yaliyofuata niliyajua baadaye sana, mahakamani. Baada ya wiki chache alimpiga tena, na Holo akatembea peke yake mpaka kituo cha polisi. Alikuwa bado kaunta anaeleza alipoingia Luhende, akavua kofia, akatoa mfukoni karatasi yangu. Askari aliyekuwa zamu akaisoma yote, akautazama muhuri, akamwambia Holo, "Mama, mbona jambo hili serikali imeshalimaliza? Nendeni nyumbani." Holo akarudi nyumbani amepakiwa nyuma ya ile pikipiki nyekundu. Ningependa kumlaumu yule askari, na nimejaribu. Lakini karatasi aliisoma kama nilivyoiandika.

Mara ya pili Holo alipokuja kwangu ilikuwa Alhamisi, masika. Nilikuwa nasubiri watu wa chanjo, pikipiki ya Luhende imeegeshwa barazani, ufunguo uko mezani kwangu juu ya rejista. Holo aliingia amejifunga mtandio shingoni, jasho linamtoka. Akaufungua. Sitakuandikia nilichokiona. Alama za vidole zilihesabika.

Kisha macho yake yakafika mezani. Akautazama ufunguo, akasema, "Kumbe yuko hapa."

"Hayupo. Nimeazima pikipiki tu."

Holo akacheka. Kilikuwa kicheko kidogo, hakina ubaya ndani yake. Kwa miaka hii yote nimesikia matusi mengi, na yote yamenitoka, lakini kicheko kile hakijanitoka. Akajifunga mtandio wake upya, pole pole, akahakikisha umefunika vizuri.

"Njoo wiki ijayo," nilimwambia. "Leo nina wageni."

"Sawa, mayu."

Nilimwona akipita mbali kidogo na pikipiki, kama mtu anavyopita mbali na mbwa ambaye hajui kama amefungwa.

Jumamosi asubuhi alikuwa anakunja nguo za watoto ili aende kwa mama yake, Bukombe. Luhende alirudi kutoka machimboni mapema kuliko siku zote. Holo aliinua mkono wa kulia kuzuia kichwa, na panga likapita mkononi mara mbili. Majirani ndio waliomwokoa. Walimtoa pale wakamkimbiza kituo cha afya akiwa amelazwa juu ya magunia kwenye pikipiki ya miguu mitatu. Mtu mmoja pale alianza kuuliza habari za fomu ya polisi, na muuguzi mmoja mama mtu mzima akamkatiza, "Fomu itatufuata. Shika hapa, bana kwa nguvu." Mama yule hakuwa na cheo chochote cha kutisha. Nadhani ndiye mtu wa kwanza wa serikali aliyefanya kazi yake kwa Holo tangu siku aliyotoka kwa balozi.

Wa pili alikuwa afisa ustawi wa jamii, binti anaitwa Neema, umri wako wa sasa. Alikuja kutoka mjini siku ile ile, akamkuta askari wa dawati, mwanamke, ameshaanza kuandika maelezo pembeni ya kitanda. Nyumba salama iliyokuwa karibu ilikuwa imejaa. Holo aliporuhusiwa kutoka hospitali, Neema alimchukua yeye na wanawe watatu wakakae kwake, vyumba viwili, miezi minne. Najua chuoni mnafundishwa kwamba haifai kumweka mteja nyumbani kwako, na hata wakubwa wake walimwambia hivyo. Sikuambii ufanye kama yeye. Nakuambia tu kwamba bila vile vyumba viwili mwanamke yule angerudi kwa Luhende akiwa na bandeji mkononi, kwa sababu hakukuwa na mlango mwingine.

Kesi ilifunguliwa, nami nikaitwa shahidi. Hapo ndipo kosa langu la pili lilipo, na hili sikulifanya kwa kutojua.

Siku tatu kabla ya tarehe walikuja wanaume wawili nyumbani, watu wa machimboni, na adabu zao. Walikaa wakanywa maji. Mmoja akasema, "Mama mtendaji, mvua mwaka huu ni nzuri. Mahindi yako tumeyaona, yamesimama vizuri sana. Usijichoshe na safari za mahakamani." Wakaaga.

Siku ya kesi nilikaa kitandani nikasema nina homa. Baba yako alisimama mlangoni akanitazama. Unajua asivyo msemaji. Akaniambia, "Homa hii umeipanga tarehe lini?" Nikageukia ukutani. Kule mahakamani Holo alikaa kwenye benchi kutwa nzima, mkono umefungwa kifuani, mpaka hakimu akaahirisha.

Kesho yake Neema akaja. Nilijiandaa kwa ukali, nikakusanya majibu. Hakunigombeza. Alikaa kwenye kigoda jikoni akaanza kunisaidia kuchambua mchele bila kuombwa, na baada ya muda mrefu akaniuliza, "Mama, jioni Holo atanitaka majibu. Nimwambie umesemaje?"

Nilitafuta neno moja la kumpa apeleke. Sikulipata. Nikasema, "Mwambie nitakuja."

Wakili wa Luhende alikuwa na ile karatasi. Aliinyanyua ili kila mtu aione.

"Muhuri huu ni wa nani?"

"Wa ofisi yangu."

"Mwandiko?"

"Wangu."

"Soma hapa."

Nikasoma: wamepatana kwa hiari yao, hakuna upande wenye madai. Holo alikuwa amekaa mbele yangu, na mimi nilikuwa nalitazama lile dole gumba la bluu kwenye karatasi, la mkono ambao sasa haukunjiki.

"Basi tuambie, shahidi. Siku ile uliiandikia serikali uongo, au unaiambia mahakama uongo leo?"

Niliona watu wa kijiji changu nyuma, wazee wale wawili wakiwemo. Nikasema, "Siku ile. Niliandika uongo. Yule mama hakuridhia kitu, nilimlazimisha. Na alikuja tena nikamrudisha, kwa sababu mume wake ndiye aliyekuwa akinipa pikipiki."

Sijui kama kulikuwa na kimya au kelele. Sikusikia.

Luhende alifungwa. Mimi nilipewa barua ya onyo, na ilikuwa haki yangu kuipata. Wiki moja baada ya hukumu shamba letu lilichomwa, mahindi yakiwa yamekauka yanasubiri kuvunwa. Mawe yakaanza kudondoka kwenye bati. Niliandika barua ya kuacha kazi na tukahama wewe ukiwa shuleni. Ndiyo habari ya shamba lililochoka.

Nilikwenda Bukombe mara moja kumwomba Holo msamaha. Alinikaribisha, akanipa kigoda na maji. Analima kwa mkono wa kushoto, mpini wa jembe amejifunga kwapani kwa kitambaa. Nilisema yote niliyokuwa nimejiandaa kusema. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mayu, maneno hayo ungeyasema siku ile." Kisha akaniuliza habari za safari. Hakunisamehe, na sijarudi kumsumbua.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Wiki tatu zilizopita, siku uliyokwenda Shinyanga kushughulikia vyeti vyako, nilikuwa uani naanika mpunga nikasikia hodi. Nikaitikia karibu kabla ya kugeuka.

"Shikamoo, mama mtendaji."

Alikuwa amesimama getini, kofia mkononi. Amenenepa kidogo, mvi zimemwingia. Ulimi ukaitikia marahaba wenyewe.

Alileta mkungu wa ndizi akauweka chini karibu na mguu wangu. Akasema kifungo kimekwisha, hana kinyongo na mtu, Mungu amemfungulia upya. Yuko Geita sasa, ana karasha, ameoa. Akaitaja kata anayokaa. Ni ile ile uliyopangiwa wewe.

"Jina la mtoto nimeliona kwenye orodha ya ajira," alisema. "Watu wanatumiana kwenye simu. Nikasema, huyu si yule Limi wetu? Nimefurahi sana. Mwambie akija ajisikie nyumbani. Ofisi za kule hazina usafiri, na mimi nina pikipiki. Mtoto wako ni mtoto wangu."

Nikamwuliza, "Umekuja kutaka nini, Luhende?"

"Kusalimia tu, mama." Akatazama mpunga wangu kwenye turubai, akatazama bati letu. "Pazuri hapa. Pametulia." Akavaa kofia akaondoka.

Ndizi nilizitupa shimoni. Uliporudi uliniuliza kwa nini nimefunga geti kwa kufuli mchana, nikakujibu kwamba kuna mbuzi wanaingia. Uongo mwingine huo.

Kwa siku nyingi nilitaka kukuambia usiende. Nilikuwa nimepanga na maneno, kwamba uombe kubadilishiwa kituo, useme mama anaumwa. Baba yako alikataa kunisaidia kukudanganya. Alisema, "Mwambie ukweli, kisha achague mwenyewe." Kwa hiyo chagua. Ukisoma barua hii ndani ya basi ukaona bora ushuke stendi urudi, sitakuuliza neno, na hakuna mtu atakayejua sababu kutoka kwangu.

Ila sikukaa bure. Nilikwenda polisi, dawati la jinsia, nikaeleza habari za ule ujio, na safari hii nilisubiri mpaka nikaona wameandika. Yule askari alinisikiliza vizuri. Aliniambia atawapa taarifa wenzake wa Geita, akanipa jina na namba ya wa huko. Nimekuandikia nyuma ya ukurasa huu. Mpigie kabla hujafika. Mwone kabla hujamwona mtu mwingine yeyote pale katani, na mwambie kila kitu, hata yangu.

Pikipiki ya mtu usipande. Najua jua la kule, najua umbali wa vijiji, na najua utakuwa peke yako kwenye kata nzima na faili mia. Utachelewa, utachoka, watasema afisa mpya anajivuna. Tembea, au subiri. Watu wema watakupa vitu, Limi, na wengi watakuwa wema kweli. Mimi sikuona ni lini wema wa Luhende uligeuka mkono ulionishika mdomo, kwa sababu hakuna siku uliyogeuka. Ulikuwa hivyo tangu lita ya kwanza ya petroli.

Na mwanamke akija usimwambie aseme kwa sauti.

Jana nilifanya jambo moja zaidi. Nilimpigia mtendaji wa kata unayokwenda. Tulikaa naye kwenye semina ile ile zamani, ni mtu wa utani, alifurahi kunisikia. Nikamwuliza kama anamjua Luhende.

"Mzee wa karasha? Huyo ni mtu wetu kabisa," alisema. "Kila tukikwama anatusaidia. Yuko kwenye kamati yetu."

"Kamati ipi?"

Akaitaja. Ni ile ile, Limi, ya kulinda wanawake na watoto.

Nikamwambia Luhende ni nani na alifungwa kwa kosa gani. Akajikohoza. "Mama, mtu akishatumikia kifungo, ameshatumikia," alisema. "Ila ni kweli, mkewe alikuja hapa. Binti mdogo tu, wa kutoka Chato. Alikuja mara mbili."

"Alikuja na nini?"

"Alikuja na kilio. Unajua ndoa changa."

"Ulimwambiaje?"

"Nilimwambia mambo hayo sasa yana mtaalamu wake. Afisa ustawi mpya anaripoti wiki hii."

Nikapiga kelele kwenye simu. Nilimwambia ampeleke polisi leo, sasa hivi, amfuate alipo. Akasema nisimfokee, atalitazama. Nikampigia askari wa Geita, akaniambia watakwenda kumtafuta, gari lao liko kwenye tukio jingine. Nimepiga tena leo asubuhi na leo mchana. Binti hayupo nyumbani kwa Luhende, na Luhende anasema amekwenda kusalimia kwao Chato. Askari amepiga Chato. Kwao hawajamwona.

Anaitwa Rehema. Ana miaka kumi na tisa. Mtendaji anasema alipomweleza kwamba afisa mpya ni mwanamke, binti yule alitulia, akauliza jina lako, akalirudia mara mbili ili asilisahau.

Mama yako